Vyungu vya Maua Juu ya Baraza

Ndugu zangu mnaorudi Unguja baada ya miaka ya ughaibuni, mkaona mlale Mji Mkongwe kwenye moja ya nyumba kuukuu zilizogeuzwa hoteli ndogo za "Kiswahili", kabla ya kuuliza bei tazameni baraza la nje. Mlango usiwababaishe. Mlango wa njumu siku hizi kila mtu anao, na mwingine umechongwa juzi kwa ajili ya picha.

Baraza mnalijua, lile benchi refu lililoshikana na ukuta wa mbele. Lilijengwa pamoja na nyumba, mawe na chokaa, ili mwenye nyumba apokee watu bila kuvunja sitara ya waliomo ndani. Masika ikijaza maji vichochoro, ndiyo njia: unatoka baraza hili unakanyaga lile mpaka unafika. Muuza kahawa hutua dele lake hapo, wazee hugonga dhumna, watoto wakitoka chuoni huangushia hapo juzuu zao. Sasa hoteli kadhaa zimelipanga vyungu vya maua mwanzo hadi mwisho, na pasipo na chungu pana mlinzi. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na kulibomoa baraza kunataka kibali. Kuwanyima watu kulikalia hakutaki kibali cha mtu. Halafu kwenye matangazo yao wanauza "mtaa ulio hai"! Mgeni analipia mtaa, na mtaa wenyewe umefukuzwa mlangoni.

Basi piteni hapo baada ya alasiri. Mkikuta watu wamekaa, wanabishana mpira, hoteli hiyo inaelewana na majirani, na usiku ukipotea vichochoroni ukiitaja utaelekezwa. Mkikuta vyungu, endeleeni na safari.

Ndani, anza na ukuta. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hupumua. Fundi mwenye haraka hupiga plasta ya saruji juu yake: unyevu unakwama, chumvi inatoka kama unga mweupe, rangi inavimba na kubanduka. Ukiona malengelenge usawa wa kiuno, au chumba kinanuka ukungu hata kiyoyozi kikiwaka, omba kingine. Ghorofa ya chini ndiyo mbaya zaidi. Zamani wengi waliiachia maduka na stoo, wakaishi juu. Ila juu kuna ngazi za kusimama wima, na lifti ni nadra, kwa hiyo mama mwenye magoti mabovu muulizieni mapema, na kitanda cha samadari kiwe na kigoda cha kupandia.

Msilalamikie chumba chembamba. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, kama mita tatu hivi. Chumba kipana kupita kiasi maana yake ukuta umevunjwa. Ulizeni kilichowekwa badala yake.

Misikiti iko karibu kila kona, na vipaza sauti vya siku hizi si mdomo wa muadhini wa zamani. Aliyezoea kulala mpaka saa mbili achukue chumba kinachotazama ua wa ndani. Mizigo nayo: gari hufika Forodhani au Darajani, lakini Kiponda na Hurumzi ni miguu. Patana na hamali kabla hajainua sanduku, tena kwa Kiswahili, maana ukianza na Kiingereza cha huko ulikotoka bei inapanda.

Na kanga za ukutani, jamani. Zimewekwa fremu, nyingine zimeshonwa mito, pindo limekatwa na jina, yale maneno yaliyoandikwa juu ya kanga, limegeuzwa kichwa chini. Ukiliona jina limesimama sawasawa na linasomeka, ujue pale pana mwanamke wa Kiunguja anayesikilizwa. Chukua chumba.