Vitabu vya Kusomwa na Kompyuta kwa Wasioona: Tulivyofanya Malindi

Mtu mmoja aliyejiita mtaalamu alishikilia kwamba bila kununua kisoma skrini cha bei kubwa, yaani programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kompyuta, maktaba yetu hapa Malindi haiwezi kuwahudumia wasioona. Ushauri huo ulituchelewesha bure. Kuna kisoma skrini kiitwacho NVDA, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na hailipishwi hata senti. Mimi nilitoa elfu mbili tatu hivi, za bando na hedifoni.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mafaili. Mwalimu mmoja mstaafu wa Barani, aliyepofuka kwa presha ya macho, alikaa mbele ya kompyuta akabonyeza mshale. Kimya. Akabonyeza tena. "Mwanangu, hiki kitabu kina maandishi kweli?" Maandishi yalikuwepo, ila kila ukurasa ulikuwa picha iliyoskaniwa, na kisoma skrini hakikupata hata neno moja la kutamka.

Nikachukua Tesseract, nayo ya bure, inayogeuza picha kuwa maandishi. Mara ya kwanza zikatoka vurugu tupu. Aliyeskani alikilaza kitabu wazi, kurasa mbili kwa picha moja, basi mstari wa kushoto ukaungana na wa kulia, habari za mkulima zikaingia katikati ya habari za nahodha. Ikabidi nikate kila picha katikati, ninyooshe zilizopinda, na hili mlizingatie sana: nichague lugha ya Kiswahili kabla ya kugeuza. Baada ya hapo nilikaa na mafaili usiku kusahihisha yaliyobaki. Kitabu kikasomeka.

Sauti nayo ilitaka kutengenezwa, maana kompyuta ilikuwa ikisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, husikii neno. Bonyeza Insert, Control na S, uchague eSpeak NG, programu ya sauti iliyomo ndani ya NVDA. Kisha Insert, Control na V, uchague Kiswahili. Ni sauti kavu ya mashine, lakini inatamka kama sisi. Mwalimu alisikiliza ukurasa mzima, kisha akaniambia niongeze kasi. Siku hizi anasikiliza kwa mwendo ambao mimi siambulii kitu, na nafurahi kila nikimwona.

Vichwa vya sura msivikoleze wino tu. Tumieni mtindo wa vichwa uliomo kwenye programu ya kuandikia, kisha hifadhini kitabu kama ukurasa wa wavuti. Msomaji akibonyeza H anaruka sura hadi sura. Picha ziandikiwe maelezo.

Kuna waliotutisha kwamba huu ni wizi wa hakimiliki. Mkataba wa kimataifa wa Marrakesh wa 2013, wa kuruhusu nakala za vitabu kwa wasioona, uliwekwa kwa ajili ya wasomaji hawa hasa, na Kenya ilijiunga mwaka 2017. Nakala zetu tunawapa wao tu, hatuzisambazi.

Kinachoniudhi mpaka leo ni hifadhidata ya majarida tuliyoilipia: vitufe vyake havina majina, kwa hiyo NVDA hutaja kitufe, kitufe, kitufe, na asiyeona hajui kipi ni cha kupakua. Maktaba yenu kabla haijalipa, chomoeni kipanya, mwiteni msomaji asiyeona, aijaribu kwa kibodi peke yake. Wenye hifadhidata yetu nimewaandikia, na nitaendelea kuwaandikia mpaka warekebishe.