Lililomo ndani ya jiwe

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Juzi baada ya isha tulikuwa tumekaa barazani huku Mji wa Kale, Mombasa, tukipunga upepo, mtoto wa ndugu yangu akanisogezea simu yake. "Ami, hebu tazama hili jiwe." Nikatazama. Nje ni jiwe la vumbi tu, la kupigwa teke na mpita njia. Lakini lilikuwa limepasuka, na ndani limejaa fuwele za manjano, manjano ya ganda la limau bivu. Nikamuuliza limechimbwa wapi. Akanambia, "Halijachimbwa, ami. Liko hukohuko Mirihi."

Usiku ule nikakaa kusoma habari zake. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina kigari cha roboti kiitwacho Curiosity, kilichotua katika sayari ya Mirihi Agosti 2012 katika shimo kubwa liitwalo Gale. Uzito wake ni kilo 900 hivi. Tarehe 30 Mei 2024 kilikuwa kinapita zake kwenye uwanja wa mawe, gurudumu likakanyaga jiwe moja, likavunjika. Hakuna aliyekusudia kulivunja. Picha zilipofika duniani, wataalamu wakaona manjano, na vipimo vikaonyesha kuwa ni salfa, ile ambayo wazee wetu wakiiita kiberiti. Salfa ilikuwa imeshaonekana Mirihi, lakini ikiwa imeshikana na vitu vingine. Safi, peke yake, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Na jiwe lile limezungukwa na mawe mengine ya sura ile ile, yamelala tu.

Kijana alikuwa ameniuliza jambo kabla hatujaagana: "Ami, na kama gari lisingepita juu yake, nani angejua kilichomo?"

Sikumjibu papo hapo. Nilipokuwa nafunga mlango ndipo yaliponijia maneno ya Luqman akimuusia mwanawe, katika sura yenye jina lake, aya ya 16: kwamba kitu kiwe na uzito wa chembe ya khardali tu, kikawa ndani ya jabali, au mbinguni, au ardhini, Mwenyezi Mungu atakileta. Hakika Yeye ni Mjuzi wa yaliyofichikana. Chembe, na imo ndani ya jabali. Nimeisoma aya hii tangu nikiwa mdogo chuoni, na sijawahi kuiona kwa macho kama nilivyoiona kwenye simu ya yule mtoto.

Nikazidi kusoma, maana usingizi ulikuwa umeruka. Kabla ya Curiosity kulikuwa na vigari viwili pacha, Spirit na Opportunity, vilivyotua Januari 2004. Mwaka 2006 gurudumu moja la mbele la Spirit likagoma kuzunguka. Ikawa inakwenda kinyumenyume, inaliburuta gurudumu lile bovu kama mtu anayeburuta mguu. Basi gurudumu hilo likawa linachimba mtaro mchangani, na mwaka 2007, ndani ya mtaro huo, ukatokeza udongo mweupe ambao karibu asilimia 90 yake ni silika, yaani madini yanayotengenezewa kioo. Silika nyingi namna hiyo hujikusanya penye chemchemi za maji moto au mvuke, kama sehemu tunazozijua kule Bogoria. Gurudumu zima lingepita juu juu. Lililokufa ndilo lililofukua.

Naye Opportunity, mwaka 2011, alikuta mshipa mweupe wa jasi, yale madini ya plasta, ndani ya mwamba, upana wake kama kidole gumba. Jasi ile huachwa na maji yanayopita kwenye ufa. Maji yenyewe yalikauka zamani mno, kabla hajawako mtu wa kuyaona, lakini jiwe limeshika ushahidi wake. Sisi watu wa kisiwa hiki tulifahamu hilo bila roboti. Nenda kausogelee ukuta wa Fort Jesus, au nyumba yoyote kongwe ya mtaani, utazame matumbawe yake. Utaona maumbo ya viumbe walioishi baharini. Ardhi tunayolala juu yake ilikuwa chini ya maji, na jiwe halijasahau.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Mtaani kwetu alikuwako bibi mmoja, jina lake sitalitaja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa mtu wa maneno laini. Ukimwendea na mchango wa harusi au wa madrasa, atakuhoji mpaka utamani kuondoka, kisha akupe kidogo. Tulimwita bahili. Nasema tulimwita, lakini nilikuwa miongoni mwa wasemaji hasa. Nilimsema hapohapo barazani mbele ya watu, wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Alipofariki, siku ya khitima, akaja kijana mwenye mkokoteni wa maji akasimama nje, hataki kuingia kwa sababu nguo zake zimerowa. Mnaijua shida ya maji ya mji wetu, mfereji unavyoweza kukauka siku nyingi, na mtu asiye na nguvu za kubeba ni lazima anunue kwa madumu. Kijana akauliza kwa sauti ya chini, amuulize nani habari za yule mzee wa kichochoro cha nyuma. Mzee huyo haoni, na anaishi peke yake. Ndipo tulipojua. Miaka saba, kila asubuhi, madumu mawili yalikuwa yanafika mlangoni pake, na aliyekuwa akiyalipia ni bibi yule. Mzee mwenyewe alidhani ni maji ya msikiti.

Miaka saba, ndugu zangu, na ukuta wa nyumba yake na wangu ni mmoja.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 74, Mwenyezi Mungu anazitaja nyoyo zilizosusuwaa zikawa kama mawe au ngumu zaidi ya mawe. Kisha anatuambia kwamba yapo mawe yanayobubujika mito, na yapo yanayopasuka yakatoka maji. Siku zote nilipoisoma nilikuwa nafikiria nyoyo za watu fulani. Siku ile ya khitima nilijua jiwe lenye maji lilikuwa la nani, na moyo uliosusuwaa ulikuwa wa nani. Na aya ya Luqman haichagui. Wanazuoni wametufundisha kuwa chembe ile ni tendo, liwe jema au baya. Madumu ya bibi yamo ndani ya jabali, na kicheko nilichokichuma kwa heshima yake kimo humohumo, na Mwenye kuyajua hakungoja kifo wala gurudumu limfunulie.

Nimekwenda kwa wanawe kuomba radhi. Walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Binti yake mkubwa alilia kidogo, akasema hata wao hawakuwa wakijua, walikuwa wakimuuliza mama yao pesa zake zinakwenda wapi.

Asubuhi ya jana nilimvizia yule kijana pale kona, jua bado halijapanda, nikamwambia nataka kuyalipia maji ya mzee. Akanishukuru, akasema yameshalipwa. Nikamuuliza na nani. Akainama akakaza kamba ya madumu yake, akashika mikono ya mkokoteni, akausukuma kuingia kichochoroni.