Simu ya klabu ibaki Dodoma: kwa tulioko ughaibuni tunaotaka kusaidia

Klabu ya nyumbani ikiomba mchango, mbeba maboksi wa Ulaya hufikiria jezi au darubini. Klabu ya watazama ndege pale Dodoma mara nyingi inakosa kitu kidogo kuliko hivyo: namba moja ambayo mwalimu wa Chamwino, bodaboda wa Nkuhungu au mwanafunzi wa UDOM anaweza kuipigia akajua Jumamosi watu wanakutana wapi. Kundi la WhatsApp halitoshi. Wenye vitochi hawamo, na tangazo la asubuhi linakuwa limezikwa na salamu na picha za maua kabla ya adhuhuri.

Simu za namna hii si jambo jipya. Massachusetts, Marekani, watazama ndege walianzisha yao, Voice of Audubon, mwaka 1954: unapiga, unasikia sauti iliyorekodiwa ikitaja ndege walioonekana siku hizo. Wazo linahamishika vizuri, ila Dodoma ina mambo mawili ambayo mtu aliyezoea Ulaya huyasahau upesi: umeme kukatika, na kubipu.

Kabla ya hayo kuna suala la nani anaishika laini. Kishawishi cha aliye nje ni kuishika mwenyewe, kwa sababu ndiye anayelipa. Asifanye hivyo. Laini ya Tanzania ikiwa Leeds au Hamburg, anayepiga kutoka Kizota analipa kama anapiga simu ya kawaida, lakini anayepokea anakatwa pesa za kutumia mtandao wa nchi ya watu, kila dakika. Kuielekeza laini kwenye namba ya Ulaya nako kuna gharama, kwani kipande cha pili cha simu hulipwa na mwenye laini, kwa bei ya simu ya kimataifa. Halafu usajili: laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, na kidole hakitumwi kwa barua pepe. Klabu yenye cheti cha usajili iombe laini kwa jina la klabu. Isiyo na cheti itumie jina la mtunza hazina, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba namba ni mali ya klabu. Mtunza hazina apige *106# mara kwa mara aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akakuta na zisizo zake.

Laini hiyo isipokee pesa. Namba inayobandikwa kwenye nguzo na mbao za matangazo ndiyo namba ambayo tapeli ataitumia kusema "tuma nauli ya safari ya Bahi kwa hii nyingine." Michango ipite kwenye Lipa Namba ya klabu, na kila tangazo liseme wazi kwamba simu hii haiombi pesa. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, namba yake ipelekwe 15040.

Sasa mtambo. Kwa miezi mitatu ya kwanza kitochi kinatosha. Kiwekwe kwenye stesheneri au duka la dawa ambalo mtu yupo kuanzia asubuhi mpaka jioni, kando yake daftari, na ukurasa wa juu wenye majibu ya wiki. Umeme ukikatika kitochi hakijali, kinakaa na chaji siku kadhaa. Kinachokiua ni kuachwa kwenye chaja mwezi mzima: betri inavimba, mfuniko wa nyuma unainuka, kisha kinazimika katikati ya mazungumzo. Kichomekwe usiku mara mbili kwa wiki. Daftari lionyeshe simu ngapi kwa siku, saa ngapi, na watu wanauliza nini. Simu zikiwa tano kwa wiki, ishieni hapo hapo, mashine haina kazi.

Zikizidi, ndipo ije mashine ya kujibu. Wengi huanza na simujanja kuukuu na programu ya kujibu yenyewe, kisha wanakwama, kwa sababu Android haziruhusu programu ya kawaida kuingiza sauti moja kwa moja ndani ya simu inayoendelea. Sauti inatoka kwenye spika na kuingia tena kwa maikrofoni, anayepiga anasikia mtu aliye ndani ya pipa. Njia inayokubali ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Asterisk, inayopokea simu na kucheza tangazo, na kiunganishi cha chan_dongle kinachoiunganisha na modemu, pamoja na modemu ya USB ya Huawei ya zamani, aina ya E1550 au E173, zile ambazo fundi simu bado anazo kwenye droo. Si kila modemu hupitisha sauti. Kabla ya kulipa, ichomekwe kwenye kompyuta na kutumiwa amri AT^CVOICE? Ikijibu ^CVOICE:0 iko tayari. Ikitoa kosa, mrudishie fundi. Modemu iwe imefunguliwa kwa mitandao yote, na PIN ya laini izimwe kwanza ndani ya simu ya kawaida. Umeme ukirudi saa nane usiku hakuna mtu wa kubonyeza PIN.

Umeme ndiyo ugonjwa mkuu. Modemu inaporusha mawimbi kwa nguvu, hasa mnara ukiwa mbali, huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na bandari ya Pi inaweza kulegea. Dalili yake ni modemu kupotea kwenye orodha na kurudi, kupotea na kurudi. Dawa ni habu ya USB yenye chaja yake. Chaja ya Pi 3 iwe ya ampea 2.5, si ile ya simu iliyookotwa. Kwa akiba, betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ya kengele za ulinzi, yenye kipunguza volti kushuka hadi 5. Hesabu yake: betri ina wati-saa 84, na aina hii isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 42. Pi na modemu vinakula wati 5 hivi. Ukiondoa kinachopotea njiani ni kama saa saba, zinazotosha makatizo mengi. Bila betri, kadi ya kumbukumbu itaharibika siku moja umeme ukikatika wakati inaandika. Nakala ya kadi nzima ikae kwenye bahasha dukani, na mwenye duka ajue tu kutoa hii na kuchomeka ile.

Kuna jingine ambalo huwapata wengi: Pi 3 haina betri ya saa. Ikizimika na kuwaka bila intaneti, inaamka ikidhani ni wakati ule ule ilipozimika, na kama umepanga ujumbe ubadilike Jumapili, hautabadilika. Weka kijisaa cha DS3231, ni kidogo kama ukucha. Na saa ya mashine iwe ya Dodoma, si ya uliko wewe. Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Tanzania haisogezi. Tofauti ni saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi chao, na mashine iliyopangwa kwa saa za London itakosea mara mbili kwa mwaka bila mtu kujua sababu.

Kubipu kunahitaji kuheshimiwa. Anayebipu hajakosa adabu, anasema: nina haja, sina salio. Mashine isipokee papo hapo. Ingoje sekunde nane hivi bila kupokea. Anayetaka kusikia atasubiri. Aliyekata kabla ya hapo atumiwe SMS yenye habari zile zile kwa amri ya DongleSendSMS. Kila namba ipate SMS moja kwa siku, la sivyo mtoto mmoja mwenye simu ya bibi atamaliza kifurushi cha mwezi kabla ya chakula cha mchana.

SMS ni herufi 160, na hapa Kiswahili kina mtego wake. Ukiandika Ng'ong'ona kwenye simujanja, mara nyingi inakuwekea alama iliyopinda badala ya iliyonyooka. Ile iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za SMS. Moja tu inabadilisha ujumbe mzima kuwa wa herufi 70, na ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa herufi 160 unalipiwa mara tatu kwa sababu ya kialama kimoja. Andika kwenye kompyuta kwa alama iliyonyooka, bila emoji, na uhesabu.

Sauti ya tangazo arekodi mtu wa pale pale, anayesema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ikatoka kama inavyotoka sokoni Majengo. Arekodi chumbani karibu na nguo zilizotundikwa, si sebuleni penye sakafu ya vigae. Faili liwe la hertzi 8000, mono, biti 16. Likiwa na mpangilio mwingine Asterisk hulikataa au hulicheza kama katuni. Sekunde 40 zinatosha, maana anayepiga ndiye anayelipa. Mfano:

"Mbukwenyi. Hii ni simu ya watazama ndege, Dodoma. Jumamosi tarehe 16 Novemba tunakwenda Bwawa la Hombolo. Tunakutana Nyerere Square saa 12 kamili asubuhi, tunarudi saa 6 mchana. Njoo na maji, kofia na viatu vilivyofungwa. Darubini tutaazimana. Simu hii haiombi pesa. Kusikia tena, bonyeza moja. Kuongea na mtu, bonyeza mbili."

Taja tarehe, usiseme "Jumamosi hii." Tangazo likichelewa kubadilishwa, "hii" inageuka uongo na watu wanasimama Nyerere Square peke yao. Na saa ziwe za Kiswahili. Aliyeko nje miaka kumi huandika 6:00 akimaanisha alfajiri. Anayesoma Ipagala anaona saa sita, anafika adhuhuri ndege wamelala. Jua la Dodoma huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:50 kutegemea mwezi, kwa hiyo saa 12 kamili ni wakati mzuri mwaka mzima. Vitufe visizidi viwili. Modemu hizi husikia kitufe kimoja kama viwili mara kwa mara, na orodha ndefu ya "bonyeza tatu, bonyeza nne" itawapoteza watu.

Msishawishike kuweka mlio wa ndege mwanzoni. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hertzi 300 na 3400 hivi, na mfumo wake wa kubana sauti umetengenezwa kwa ajili ya maneno ya binadamu. Ndege wadogo wengi huimba juu ya hapo. Hua na bundi watapita. Wengine watasikika kama sufuria inayochemka.

Kubonyeza mbili kunampeleka mpigaji kwa mshika zamu. Wawe watatu wa kupokezana, kila mmoja wiki yake. Mtambo nao ukizimika kabisa, simu isipotee: weka laini kwenye simu ya kawaida, piga **62*namba ya mshika zamu# kisha irudishe kwenye modemu. Agizo hilo hukaa kwenye mtandao, si kwenye kadi, kwa hiyo linafanya kazi hata mashine ikiwa haina uhai. Dakika za kuelekezwa zinalipwa na laini ya klabu; hapo ndipo pesa ya ughaibuni iende. Kuyafuta maagizo yote ya kuelekeza ni ##002#.

Mshika zamu pia hupokea taarifa za walioko porini. Aulize manne tu: ndege gani, wangapi, wapi, saa ngapi. Kuanzia Novemba hadi Machi watu watataja korongo weupe na keremkerem waliotoka Ulaya, na hao watangazwe bila shida. Kwezi wa kijivu mwenye mkia mrefu, ambaye asili yake ni Tanzania tu, naye atangazwe. Lakini kasuku wadogo wenye ukosi wa njano, wa asili ya Tanzania vilevile, hutegwa na kuuzwa. Taja wilaya, usitaje kijiji, mti wala tundu. Anayetega naye ana simu.

Aliyeko nje abaki na kazi mbili. Ya kwanza ni kuitunza mashine kwa mbali. Iunganishwe na wifi ya duka, kwani modemu ile haifai kubeba sauti na intaneti kwa pamoja. Usitarajie kuingia moja kwa moja kutoka Ulaya: intaneti nyingi za Dodoma hazina anwani yake binafsi, wateja wengi wanagawana moja. Pi yenyewe ndiyo ianzishe njia kutoka ndani kwenda nje, kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri mtandaoni, kuelekea kompyuta unayoimiliki. Ya pili ni malipo. Tuma ya miezi mitatu kwa mkupuo kwa mtunza hazina, na laini ipige au itume kitu kila wiki, kwa sababu laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, wakati mabango yenu bado yako ukutani. Kufanya mabadiliko ya tangazo, mwisho ni Alhamisi saa 2 usiku ya Dodoma. Ukitoka zamu saa nne usiku Manchester, Dodoma ni saa saba usiku wakati wa baridi, au saa sita wakati wa kiangazi chao. Usiguse kitu saa hizo, maana ukiharibu hakuna wa kuchomoa na kuchomeka.

Namba za waliopiga ni taarifa binafsi, na sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Zifutwe kila baada ya siku saba, na asiingizwe mtu kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu tu alibipu kuuliza safari.

Mwisho, karatasi moja: namba ya laini, PUK (namba ya kufungua laini iliyojifunga), jina la mfumo wa Pi, nani ana nakala ya kadi ya kumbukumbu, na zamu za miezi mitatu. PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa. Nakala moja ikae kwa mtunza hazina, nyingine chini ya kaunta dukani, na aliye ughaibuni atumiwe picha yake.