Ethiopia, juu na chini

Nimerudi kutoka Ethiopia jamani, na magoti bado yananilaumu. Mji wa Lalibela uko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ngazi chache tu, pumzi zimekata! Ila Bete Giyorgis... Unatembea juu ya mwamba, huoni jengo lolote, ghafla chini ya miguu yako kuna kanisa lenye umbo la msalaba, limechongwa kuanzia juu kushuka chini katika jiwe moja. Makanisa ya kuchongwa hivyo Lalibela yapo 11, lakini mimi niliganda kwa hilo hadi mlinzi akakohoa kunishtua.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye bonde la Danakil, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Chumvi ya njano na kijani, joto kama tanuri. Picha ninazo mbili tu, simu ilizimika.