Biskuti zilinishinda, ufunguo wa kufuli ukaniokoa

Huu mwaka wa saba nalea watoto wa watu huku Mbagala. Mama zao wengi wanagombea daladala alfajiri kuwahi Kariakoo. Uji, nepi, kulaza watoto mchana, hayo hayanisumbui. Aliyenitoa jasho ni kijana mmoja wa miaka mitatu, analia kuanzia getini mpaka anatapika.

Mlezi mwenzangu, mkubwa kwangu, akanipa dawa: "Mpe biskuti, akigeuka tu mama yake achomoke." Nikafuata, mjinga mimi. Siku ya kwanza ikakubali, nikajisifu kweli. Siku ya tatu natoa pakiti tu, mtoto kaangua kilio mama hajaachia hata mkono. Alishapiga hesabu zake: biskuti ikitoka, mama anapotea. Wiki nzima hakubanduka kwangu. Hata nikienda chooni anakaa mlangoni kashika pindo la kanga yangu. Wenzake nao wakaanza kuziogopa biskuti. Pakiti zote nikazimaliza mimi na chai.

Mama aage, jamani. Mtoto atalia, lakini aage.

Asubuhi moja nikamwomba mama ufunguo wa kufuli la chumba chao. Nikamwambia kijana, "Baba, shika huu. Mama akirudi bila wewe leo, analala nje." Akanitazama. Akautazama ufunguo. Akajifuta kamasi kwa kiganja, akamgeukia mama yake: "Nenda, usichelewe." Kutwa nzima aliufumbata. Uji akanywa kwa mkono mmoja, mchana akalala nao, jioni akasimama getini kama mgambo.

Siku ya nne ukadumbukia chooni.

Jirani yao alilivunja lile kufuli kwa nyundo saa mbili usiku, mama amekaa kizingitini na mwanawe mgongoni. Jipya lilikuwa kama elfu tano hivi, tukachangia nusu kwa nusu. Ndipo nikaona kwenye boksi: kufuli linauzwa na funguo tatu! Miaka yote hii nafunga na kufungua milango, sikuwaza.

Sasa mmoja upo kwa mama, mmoja kwangu, wa tatu tumeubana kwa pini ndani ya mfuko wa kaptula. Jioni mama akifika getini anapapasa mkoba wake, anasema, "Jamani, leo nitaingiaje?" Kijana anamwacha ahangaike kwanza.