Mwembe Uliokatwa

Jana jioni nilikuwa namwelekeza kijana wa bodaboda aliyekuwa ananiletea mtungi wa gesi. "Ukifika mwembeni kata kulia, nyumba ya tatu, geti la bluu." Mwanangu akainua kichwa kwenye daftari lake. "Mama, mwembe gani? Si walishaukata?"

Kweli, waliukata walipopanua barabara. Sisi wenyeji tunaendelea kusema mwembeni na tunaelewana. Anayezunguka ni mgeni.

Nilishindwa kumjibu, kwa sababu kisa kilichonijia yeye mwenyewe yumo. Alikuwa na siku 19 tangu azaliwe.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Nipo ndani, mzazi, katika zile siku 84 za likizo, mtoto ananyonya, simu ikaita. Ni mdogo wangu wa ofisini, aliyeshika nafasi yangu pale SACCOS. "Dada, pole na uzazi. Samahani kukusumbua. Makro imegoma."

Makro ile, yaani maagizo ndani ya Excel yanayofanya kazi yenyewe, niliiandika kwa mkono wangu. Ukibonyeza kitufe kimoja inafungua faili la makato ya mishahara, inampata kila mwanachama kwa namba yake, inapunguza deni kwenye daftari la mikopo, kisha inatoa orodha ya wanaoruhusiwa kukopa tena. Kazi ya siku mbili inaisha kabla chai haijapoa. Wakati naondoka niliacha nakala ya kila kitu kwenye flashi. Baadaye umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu na kuunguza kompyuta yangu. Wakaazima nyingine, wakahamishia folda yote. Hakuna hata faili moja lililopotea.

"Inasemaje?"

"Kosa 1004, eti faili halipo. Lakini dada, faili ninaliona! Lipo hapa hapa kando yake."

Nikamwambia abonyeze Debug, anisomee mstari uliopakwa njano. Akasoma polepole: Workbooks.Open, ile amri ya kufungua faili, mabano, C, nukta mbili, slashi, Users. Halafu akataja jina langu. Akanyamaza kidogo. "Inakwenda kwenye Desktop yako, dada."

Nguvu ziliniisha. Siku zote nilizojisifu kwamba makro ile ni ya ofisi, ndani yake nilikuwa nimeandika njia ya kwenda mezani kwangu mimi. Kompyuta imeungua, folda yenye jina langu haipo tena popote, nayo inaendelea kwenda kuitafuta kule kule.

Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wamejaa kaunta. Mama mmoja, mwalimu mtu mzima, aliuliza bila hasira, "Mwanangu, bado tu? Basi letu la mwisho linaondoka saa tisa." Alikuwa amefuata mkopo wa dharura, mumewe amelazwa.

"Sikiliza," nikamwambia kijana. "Simamisha makro kwanza. Futa anwani yote, ubakize jina la faili peke yake ndani ya alama zake za kunukuu. Kabla yake andika thisworkbook, maneno yashikane, nukta, path, halafu ile alama ya na (&). Andika herufi ndogo zote. Ukihama kwenye mstari, kama umepatia, T, W na P zitageuka kubwa zenyewe."

Kimya. Mtoto akaachia ziwa, akaanza kulia. Nikabana simu begani, nikamhamishia upande wa pili.

"Zimegeuka!"

"Endesha."

1004 tena. Nikamwomba anisomee ujumbe wote, asiruke kitu. "D, nukta mbili, slashi, MIKOPOmakato... dada, majina yamegandana." Hapo nikaona nilichosahau: ThisWorkbook.Path inakupa folda ambamo makro yenyewe imehifadhiwa, lakini haikuwekei slashi mwishoni. Akaongeza ile slashi inayolalia nyuma mbele ya jina la faili. Nikasikia kitufe cha panya, kisha ukimya, kisha akapumua. "Inasoma, dada. Inashuka."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Niliporudi kazini nilizipitia makro zote, moja baada ya moja. Kwenye nyingine mbili nilikuta niliandika ActiveWorkbook, yaani faili lililo mbele kwa wakati huo, nazo nikazibadilisha, maana faili jingine likifunguliwa ndilo linakuwa la mbele, na njia inageuka bila wewe kujua. Nikaweka pia ukaguzi wa Dir, amri ya kuangalia kama faili lipo, ili faili lisipokuwepo makro iseme kwa Kiswahili ni lipi na linatafutwa wapi. Nikaamini nimemaliza. Mwaka jana wakahamishia mafaili OneDrive, hifadhi ya mtandaoni, Path ikaanza kuleta anwani ya https badala ya folda, na Dir haisomi anwani ya namna hiyo. Kijana yule wa ofisini, ambaye sasa ndiye mhasibu, ameweka karatasi ya mipangilio yenye seli moja ya kuandika folda. Pengine ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Ila hata seli hiyo lazima awepo mtu wa kukumbuka kuibadilisha.

Yule mama mwalimu alipata hundi yake siku ile ile. Aliipokea, akashukuru, akatoka. Basi lilikuwa limeshaondoka, na sikupata kujua alilala wapi.