Nilivyozoea hesabu za ujira na saa za kazi

Nilipojiandikisha kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi, nilikuwa tayari mtu mzima anayelipwa kwa saa katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, Nairobi, na bado maswali ya aljebra yanayohusu ujira na saa za kazi ndiyo yaliyonitoa jasho kuliko mengine yote. Kutafuta thamani ya x hakukunisumbua mara mlinganyo ulipokuwa umeandikwa. Tabu ilikuwa kuutoa mlinganyo huo katika maelezo marefu ya swali.

Kilichonifaa kwanza ni kuandika, kabla ya hesabu yoyote, sentensi kamili inayoeleza x ni nini na inapimwa kwa nini. "x ni shilingi anazolipwa kwa saa moja ya kawaida" ni jambo moja, na "x ni idadi ya saa alizofanya kwa malipo ya kawaida" ni jambo jingine kabisa. Kisha nilikagua kila kijisehemu cha mlinganyo: saa zikizidishwa kwa shilingi za kila saa hutoa shilingi, kwa hiyo mahali popote nilipoona shilingi zimejumlishwa na saa, nilijua mlinganyo haufai hata kama unapendeza machoni.

Saa za ziada zilinirahisikia nilipozitazama kwa kanuni za kazi zenyewe. Agizo la jumla la mishahara nchini Kenya linaweka saa 52 za kawaida kwa wiki, na muda unaozidi hapo hulipwa mara moja na nusu, ilhali kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Maana yake ni kwamba saa 8 za ziada katika siku za kawaida zina thamani ya saa 12. Aliyefanya kazi saa 60 katika wiki na kupata shilingi 9,600 amelipwa kana kwamba alifanya saa 64 za kawaida, hivyo 64x = 9,600, na kila saa ni shilingi 150. Hakuna haja ya herufi ya pili.

Swali gumu zaidi ni lile linalotaja viwango vyote viwili na kuficha idadi ya saa. Tuseme mtu ambaye mkataba wake una saa za kawaida chini ya 52 amefanya saa 57, nyingine kwa shilingi 160 na nyingine kwa 240, akapokea shilingi 10,080. Kama x ni saa za kawaida, mlinganyo ni 160x + 240(57 − x) = 10,080, na wanafunzi wengi hukwama kwenye mabano hayo. Mimi nilijiuliza: kama saa zote zingelipwa 240, angepata ngapi? Angepata 13,680, yaani 3,600 zaidi ya alichopokea. Kila saa ya kawaida inapunguza malipo kwa shilingi 80, na 3,600 ukigawanya kwa 80 unapata saa 45. Zilizobaki 12 ndizo za ziada. Ukifungua mabano na kupanga, utafika kwenye 80x = 3,600 ile ile, na hapo ndipo nilipoanza kuiamini aljebra badala ya kuikariri.

Kuhusu muda wenyewe, dakika ni lazima zigeuzwe kwanza: saa 8 na dakika 45 ni 8.75, si 8.45. Saa zetu za Kiswahili zinasaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni ni kutoa tu, 10.5 kasoro 2, saa 8.5, ilhali anayeandika 8:00 hadi 4:30 hana budi kuvuka adhuhuri katikati ya hesabu. Kwa zamu ya usiku mambo ni yale yale mradi zamu ianze baada ya saa kumi na mbili jioni na isipite saa kumi na mbili alfajiri.

Maswali ya mshahara wa mwezi niliyaacha mwisho. Agizo lile lile linasema kwamba, kwa asiyelipwa kwa saa, malipo ya saa moja yasipungue sehemu moja ya 225 ya mshahara wa msingi wa mwezi, na namba hiyo haikutoka hewani: saa 52 mara wiki 52, ukigawanya kwa miezi 12, ni 225 na kitu kidogo. Basi aliyelipwa kwa kiwango hicho, akafanya saa 10 za ziada katika siku za kawaida na kupokea jumla ya shilingi 19,200, ana mlinganyo m + 15m/225 = 19,200, m ikiwa mshahara wake wa msingi wa mwezi, ambao ni sawa na 16m/15 = 19,200, na m ni 18,000. Nililirudisha jibu kwenye maneno ya swali, wala si kwenye mlinganyo wangu, kwa sababu mlinganyo ulioandikwa vibaya hulikubali jibu lake wenyewe: 18,000 kwa 225 ni shilingi 80 kwa saa, mara moja na nusu ni 120, saa 10 ni 1,200, na jumla ni 19,200.